Rafiki Anayekumbuka na Mazuri ya Wakwe Zako

Tukikutana sisi marafiki, salamu haziishi sawasawa kabla wakwe hawajaingia kwenye mazungumzo. Tunaanza na afya, tunapita kwa watoto na masomo yao, tunagusia kazi na uchovu wake, kisha mmoja anavuta pumzi na kusema, "Jana mama mkwe..." Hapo kila mtu anasogeza kiti. Mimi naishi nyumba ya pili kutoka kwa wazazi wa mume wangu, kwa hiyo mazungumzo haya ni sehemu ya maisha yangu, na nimekuwa nayo muda wa kutosha kuwa na msimamo. Ukiwa jirani na wakwe unahitaji rafiki wa kuzungumza naye, ila si kila rafiki anafaa. Anayefaa ni yule anayekumbuka pia mazuri uliyomsimulia kuhusu wakwe zako, akakurudishia siku ambayo wewe mwenyewe yamekutoka kichwani kwa hasira.

Wapo wanaoyadharau mazungumzo ya namna hii na kuyaita umbea, hasa wazungumzaji wakiwa wanawake. Sikubaliani nao, na nina sababu. Mwaka 1997 Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Uingereza, pamoja na wenzake wawili, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kawaida. Walisikiliza watu wakipiga soga mahali pa wazi, na kila baada ya muda mfupi wakaandika watu hao wanazungumzia nini. Karibu theluthi mbili ya muda ilikwenda kwenye mambo ya watu: nani kafanya nini, nani anaelewana na nani, mimi mwenyewe yamenikuta yapi. Wanaume na wanawake hawakupishana sana. Kingine, na hiki ndicho kilichonivutia zaidi, kuwasema watu vibaya waziwazi kulichukua sehemu ndogo sana ya muda, na kuombana au kupeana ushauri vilevile. Sehemu kubwa ilikuwa masimulizi tu.

Ndivyo ilivyo kwetu. Anayetusikia kwa mbali anaweza kudhani tunawachambua wakwe kutwa nzima, kumbe saa nzima inapita tukisimuliana tu jinsi siku ilivyokwenda, nao wamo ndani yake kwa sababu ndimo wanamoishi. Huwezi kusimulia asubuhi yako bila kumtaja mtu uliyepishana naye mlangoni.

Ujirani na wakwe una tabia yake. Mambo makubwa, ya kuita kikao, huja mara chache. Madogo ndiyo ya kila siku: taa ya nje iliyosahaulika usiku na asubuhi ukaulizwa, mgeni wako waliyekwisha kumwona kabla hujamtambulisha, mtoto aliyelia saa nane za usiku na swali la "alikuwa na nini?" linalokusubiri kukipambazuka, ufunguo wa akiba ulioachwa kwao kwa dharura, ambao taratibu umekuwa ufunguo wa kawaida. Hakuna hata moja kati ya hayo unaloweza kulilalamikia ukaonekana una akili timamu. Ukimweleza mumeo kila jambo, utamchosha na utamgombanisha na mama yake. Ukinyamaza kila siku, moyo unajaa. Hapo ndipo rafiki anapohitajika, mtu wa kukusaidia kupima: hili ni dogo, lipite, hili ni kubwa, lisemwe.

Nitoe mfano mmoja nilioukuta kwa macho yangu, chumbani kwangu.

Nguo zilikuwa kwenye kamba, mimi niko kazini, mawingu yakajikusanya. Mama mkwe akavuka uani, akazianua zote, akaingia ndani kwa ule ufunguo wa akiba, akazikunja moja moja na kuzipanga juu ya kitanda chetu. Mashuka chini, nguo za watoto juu yake, mashati ya mwanawe kola zikitazama upande mmoja. Pembeni, peke yake, nguo zangu za ndani, nazo zimekunjwa pembe nne kwa uangalifu uleule. Hakuna hata moja iliyolowa. Nilisimama mlangoni nikizitazama, mkoba bado begani, na sikujua kama nataka kushukuru au kulia.

Nilipowasimulia wenzangu, kila mmoja alilipokea kivyake. Mdogo wetu, ambaye ndoa yake bado changa na wakwe zake wako mbali, aliruka: "Chumbani? Kitandani? Dada, huyo keshahamia!" Wa pili, ambaye ana watoto watatu na mikono miwili tu, alimkatiza: "Kwani ulitaka zilowe? Mimi angekuja wa kunianulia ningempa na pasi." Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nikawa msikilizaji wa kesi yangu mwenyewe.

Mkubwa wetu alikuwa kimya. Yeye ametutangulia kwa umri na kwa ndoa, na huwa haingii kwenye mazungumzo mpaka yapoe kidogo. Alianza na maswali.

"Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa?"

"Umeegeshwa tu."

"Magoti yake yamepona?"

"Bado."

"Kwa hiyo alivuka ua na magoti yale, na furushi la nguo mikononi." Akanyamaza kidogo. "Na usiku ule mtoto ana homa, mumeo yuko safarini, nani alikaa naye mapajani mpaka kunakucha?"

Nilikuwa nimemsimulia hilo mwenyewe, miezi mingi nyuma. Nilimsimulia nikiwa na machozi ya shukrani, nikasema sijui ningefanya nini bila mama yule. Mimi siku hiyo nilikuwa naona nguo tu. Yeye alikuwa amelihifadhi.

"Hujakosea kuchukia, mdogo wangu," akasema. "Nakukumbusha tu aliyezikunja ni nani."

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika kabisa. Tuliacha kuuliza kama mama mkwe ni mtu mbaya, kwa sababu swali hilo lilikwishajibiwa na ile homa. Tukauliza kinachoniuma ni nini hasa. Si nguo, nguo zilikuwa kavu na nilifurahi. Si ufunguo, ufunguo ule umeshatusaidia. Ni chumba. Nataka chumba cha kulala kiwe cha watu wawili. Likishafika hapo, jambo linakuwa na ukubwa wake halisi, na lina mtu wake wa kulisema, ambaye si mimi.

Mume wangu alilisema jioni moja akiwa amekaa na mama yake nje, kwa sauti ya kawaida: "Mama, ahsante kwa zile nguo. Ukizianua tena, ziache sebuleni tu, chumbani tutazipeleka wenyewe." Mama akajibu, "Sawa, baba." Basi. Tangu siku hiyo nguo huzikuta kwenye kiti cha sebuleni, zimekunjwa vilevile kwa pembe nne. Yapo mambo ya miaka mingi katika familia ambayo yangekwisha kwa sentensi mbili kama zile, zingesemwa na mtu anayestahili kuzisema, mapema, kabla sauti hazijapanda.

Habari ya nani aseme inanigusa sana, nami naiona nzito kuliko habari ya umbali wa nyumba. Terri Orbuch, mtafiti wa Marekani, amewafuatilia kwa miongo kadhaa wanandoa 373 wa jimbo la Michigan, kuanzia mwaka 1986 walipokuwa katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Moja ya aliyoyakuta liliwashangaza wengi. Pale ambapo mume alisema yuko karibu kimoyo na wazazi wa mkewe, uwezekano wa ndoa kuvunjika ulipungua kwa asilimia 20. Pale ambapo mke alisema yuko karibu na wazazi wa mumewe, uliongezeka kwa asilimia 20. Maelezo yake ni kwamba mume akiwapenda wakwe, mke huona kuwa anapendwa yeye na watu wake. Lakini mke akishakuwa karibu mno na wakwe, inamwia vigumu kuweka mipaka, na maneno yao juu ya nyumba yake na malezi yake humchoma kwa sababu anayachukulia kuwa yanamhusu yeye kama mtu.

Hao ni wanandoa wa jimbo moja la nchi moja, na sitaki mtu yeyote akasome hapo kwamba amchukie mama mkwe ili ndoa yake idumu. Mimi nampenda wa kwangu. Ninachokichukua ni ile habari ya mipaka. Mkwe wa kike akipewa jukumu la kuwa mwema kwa wote na pia kuwa mlinzi wa mlango wake, ataelemewa. Mlango ulindwe na mtoto wa nyumba ile. Mume aseme na wazazi wake, mke aseme na wake. Mzazi husamehe maneno ya mwanawe kwa wepisi ambao mkwe hapewi, hata akiwa mkwe mzuri kiasi gani. Sentensi ileile ya nguo, ningeisema mimi, ingeishi kwenye ukoo ule miaka kumi.

Sasa nije kwa mdogo wetu, yule wa wakwe wa mbali, kwa sababu wengi humwonea wivu na yeye mwenyewe mwanzoni alijionea fahari. Wakwe zake hawamwoni akiamka saa ngapi wala akirudi saa ngapi. Hawajui amevaa nini. Lakini wakija, huja na mabegi, na hukaa wiki. Yale madogo ambayo mimi nayapata kijiko kwa kijiko kila siku, yeye humwagikiwa nayo yote kwa mpigo, ndani ya nyumba moja, bila mahali pa kutokea. Siku za mwanzo kila mtu anajitahidi kuwa mwema. Kufikia katikati wema umeshachoka, na wanaondoka hapo, kabla watu hawajazoeana hivi walivyo. Mimi na mama mkwe tumeshaonana tukiwa na usingizi, tukiwa na hasira, tukiwa wagonjwa. Hatuna tena cha kuigiziana.

Halafu kuna suala la watoto. Huyu mdogo wetu akiitwa kazini ghafla, huanza kupiga simu kutafuta wa kukaa na mtoto, na kila siku ya namna hiyo inamgharimu. Wanauchumi wawili, Janice Compton na Robert Pollak, walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu Marekani: wanawake walioolewa wenye watoto wadogo, wanaoishi karibu na mama zao au mama wakwe zao, uwezekano wao wa kuwa kazini ni mkubwa zaidi kwa pointi 4 hadi 10 za asilimia kuliko wenzao wanaoishi mbali. Na walieleza kuwa sababu haikuwa lazima bibi awe mlezi wa kila siku. Kinachosaidia ni kuwa na mtu wa kukimbilia pale mambo yanapoharibika bila taarifa. Niliposoma hilo nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ndicho ninachokijua kwa mwili wangu. Shule imefungwa mapema, mtoto ametapika, mkutano umesogezwa: napiga simu moja, na kabla sijamaliza sentensi mama ameshavaa viatu.

Nimemwambia mdogo wetu aache kunihurumia. Naye ameniambia niache kumhurumia, maana usiku akifunga mlango, umefungwa.

Wanaume nao wana yao, ila husema kidogo. Ninaye rafiki wa kiume, tumefanya kazi pamoja muda mrefu, anaishi karibu na wazazi wa mkewe. Baba mkwe wake ni mtu wa kazi za mikono. Kila mwisho wa juma anapiga simu: bomba linavuja, bawaba imelegea, njoo unishikie ngazi. Rafiki yangu huyu huenda, hushika ngazi, na hurudi ameinamisha kichwa. Nilimuuliza kinachomuudhi ni nini, kazi au mzee? Alifikiri sana, akasema: "Hajawahi kuniachia mimi bisibisi." Alikuwa amelibeba hilo kwa miaka bila kumwambia mtu, hata mkewe. Wanawake wangekuwa wameshalisema kwa wenzao tangu mwisho wa juma wa kwanza, likapimwa, likapatiwa jina, labda hata likachekewa. Namwonea huruma mtu anayeshika ngazi kimya namna ile. Nilimshauri amwombe mzee amfundishe jambo moja dogo, mahususi, kwa mikono yake mwenyewe. Sijui kama amelifanya. Siku hiyo alibadilisha mazungumzo haraka.

Hata hivyo kuzungumza nako kuna kupitiliza. Amanda Rose, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Missouri, alilichunguza hili kwa watoto wa shule na vijana, akachapisha mwaka 2002 na tena, pamoja na wenzake, mwaka 2007. Aliangalia marafiki wanaorudiarudia shida ileile: kuizungusha, kuikisia ilikotoka, kukaa juu ya jinsi inavyouma. Kwa wasichana, urafiki wa namna hiyo ulizidi kuwa wa karibu kadiri muda ulivyokwenda, na wakati huohuo dalili za huzuni na wasiwasi nazo zikaongezeka. Mambo mawili kwa pamoja, jema na baya, kutoka kwenye mazungumzo yaleyale. Wale walikuwa vijana na sisi ni watu wazima wenye nyumba, lakini nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo na najua ladha yake. Unaondoka umependwa na umechoka. Unajua rafiki yako yuko upande wako kabisa, na ukifika nyumbani mama mkwe anakusalimu, wewe unasikia kwenye salamu ile mambo ambayo hayamo.

Alama yake naifahamu sasa. Kisa kikisimuliwa mara ya tatu bila jambo jipya ndani yake, na kila mara mkwe akawa mkali kidogo kuliko mara iliyotangulia, mkubwa wetu huuliza, "Hili tumeshalipima, au?" Haulizi kwa ukali. Likiwa limeshapimwa, tunahamia kwa watoto.

Simu zimelizidisha hili. Zamani ilibidi ulale na kisa chako mpaka mkutane, na usiku mmoja ulitosha kukipunguza nusu. Siku hizi hasira inarekodiwa ikiwa bado ya moto, sauti inatetemeka, ujumbe unaondoka kabla hujaketi. Na ujumbe una maisha marefu. Ukishapelekwa kwenye kundi, hujui nani amemshikisha nani simu, hujui mtoto wa nani anasikiliza. Kwetu tulikubaliana jambo moja, na nasema kwa moyo wote limetusaidia: ya wakwe yasemwe uso kwa uso, au kwa kupiga simu, yasiandikwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na kuna jambo ambalo wanaoishi mbali na wakwe hawalazimiki kulifikiria kabisa. Mimi na wakwe zangu tukiwa jirani, marafiki zangu nao ni majirani wa wakwe zangu. Wakija kwangu wanapita mlangoni kwao. Wanasalimiana. Mama mkwe anawajua kwa majina, anauliza hali za watoto wao. Sasa fikiria rafiki uliyemwagia kila kitu juzi, leo anasimama mbele ya mama yule yule na kushikwa mkono. Uso wake utasema nini? Mama wa miaka ile yote hashindwi kusoma uso. Nimemwona mama mkwe wangu akimtazama rafiki yangu mmoja akiondoka, kisha akaniuliza taratibu, "Huyu nimemkosea nini?" Swali lile liliniingia. Rafiki yule alikuwa bado amenuna kwa jambo ambalo mimi na mama tulikwisha kulimaliza na kulisahau.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Wewe unayeishi na watu hawa una nafasi ya kupatana nao kila siku. Mnagombana asubuhi, mchana anakuletea mtoto aliyeoshwa uso, jioni mmekaa pamoja mnacheka. Rafiki yako haoni mchana wala jioni. Yeye ana asubuhi tu, kwa sababu asubuhi ndiyo uliyomsimulia. Kwa upendo wake kwako anaendelea kuwa na kinyongo ambacho wewe umeshakiweka chini, na siku ukimtembelea anakuuliza kwa sauti ya huruma, "Vipi yule mama?" na wewe inabidi ukumbuke anaongelea nini. Hana kosa. Umempa nusu ya habari, naye ameitunza kwa uaminifu.

Kwa hiyo nami nimejiwekea utaratibu: nikimsimulia mtu baya la mkwe, na zuri lake likitokea namsimulia mtu yuleyule. Si kwa kusawazisha mizani, kwa maana yapo majuma ambayo mazuri hayapo na sitayabuni. Ni kwamba anayebeba habari zangu anastahili kuzibeba nzima. Kupatana ni habari. Mkubwa wetu aliikumbuka ile homa kwa sababu niliwahi kumwambia. Ningekuwa mtu wa kuleta malalamiko peke yake, siku ya nguo asingekuwa na kitu cha kunirudishia, hata angekuwa na busara ya namna gani.

Rafiki wa aina hiyo hapatikani kwa haraka. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu muda unaohitajika watu kuwa marafiki, na makadirio yake ni saa 50 hivi kwa mtu kutoka kufahamiana hadi urafiki wa juujuu, na zaidi ya saa 200 pamoja kufikia urafiki wa karibu. Saa za kazini zilihesabika kidogo. Zilizojenga ni zile za kukaa tu, kuzungumza, kucheka, kuulizana siku ilikwendaje. Yaani ile soga inayodharauliwa ndiyo inayomtengeneza mtu atakayekuja kukupima vizuri siku mambo yakiwa magumu. Bibi harusi anayehamia jirani na wakwe mara nyingi amewaacha marafiki zake wa saa 200 kule alikotoka. Anaanza upya, na watu wa kwanza anaokutana nao ni walewale ambao anahitaji mahali pa kuwazungumzia. Nadhani nusu ya upweke wa mwaka wa kwanza ni huo. Anayeoa, kama anamtakia mkewe mema, amsaidie kutunza wale wa zamani, ampe nafasi ya kuwatembelea, na asitie shaka kila simu ikichukua muda. Na anayehamia jirani na wazazi wa mkewe anastahili vivyo hivyo.

Kuna yasiyofaa kupelekwa hata kwa rafiki mzuri kuliko wote. Ugonjwa wa mkwe ni wake, si habari ya kubeba. Fedha za familia vilevile. Na yale ambayo mume amekuambia kuhusu utoto wake, kuhusu jinsi wazazi wake walivyokuwa kabla wewe hujawajua, hayo alikupa wewe. Mkubwa wetu ndiye anayetuzuia. Mtu akianza kuelekea huko, anainua kiganja na kusema, "Hilo peleka nyumbani." Tunanyamaza, tunaanza kingine.

Mwaka huu mambo yamegeuka kidogo, kwa sababu mkubwa wetu amekuwa mama mkwe. Kijana wake ameoa na amepanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwa mara ya kwanza tunamsikia mtu wa upande wa pili akizungumza nasi bila woga, na nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Anatueleza jinsi anavyosimama dirishani asubuhi akiona pazia la kule bado limefungwa, akijiuliza kama kuna mgonjwa, akijizuia asiende. Anatuuliza saa ngapi kupiga hodi kunaacha kuwa usumbufu. Anatuuliza kama akimwona mkwewe amebeba mizigo miwili na mtoto, apokee au angoje aombwe. Mtu tuliyekuwa tukimwendea na maswali sasa anakuja nayo.

Juzi tulibishana naye kweli. Mkwewe alikuwa na mafua makali, kijana yuko kazini, na yeye alitaka kwenda kufagia na kupanga nyumba wakati msichana amelala. Sisi sote tulimwambia apige simu kwanza, aulize. Alikataa. "Nikiuliza atasema 'hapana mama, usijisumbue', hata kama anataka. Ninyi mnasemaje mkiulizwa? Mnasema ndiyo?" Tukatazamana. Mwenzetu wa watoto watatu akasema yeye angesema ndiyo. Mdogo wetu akasema angesema hapana na angemaanisha hapana. Mimi nilisema ningesema hapana, na ningefurahi akija hata hivyo, mradi aishie sebuleni.

"Sasa mimi wangu nitamjuaje ni yupi kati yenu?" akauliza.

Mdogo wetu akamjibu, "Muulize mwanao, dada. Yeye anamjua." Mkubwa wetu akatoa simu pale pale, akampigia mwanawe.